Bushi ya Tairi Kuukuu

Ukitaka kujua kama gari limechoka kwa chini, zima redio, ulipitishe kwa tuta polepole. Pikapu yetu, Peugeot 504, ilikuwa ikigonga "ngo, ngo" nyuma upande wa kushoto. Baba hakuhitaji kuambiwa. "Bushi imeisha," akasema, akaenda kutafuta jeki.

Hiyo ilikuwa Kinangop, mwishoni mwa miaka ya 1980. Pikapu ndiyo ilikuwa inabeba kabeji hadi Naivasha. Ikilala siku tatu, kabeji zinaoza, na karo yetu ya shule inaoza nazo.

Sasa Peugeot ilifikaje kwa boma la mkulima? Uliza wazee, wengi watakutajia Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953. Mwaka wa 1963 magari 84 yaling'oa nanga, yakamaliza 7 tu. Mwaka wa 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404. Mtu aliyeona gari likitoka kwenye tope namna hiyo hakuhitaji tangazo lingine.

Lakini hadithi ya vikombe inamsahau mtu mmoja: yule aliyebaki na gari wapiga picha wakishaenda. Gari la mashindano lina mafundi na spea zinazolingoja njiani. Sisi tulikuwa na duka la mjini lililosema "rudi wiki ijayo". Bei ya mafuta ilipanda mwaka wa 1979, pesa za kigeni zikawa adimu, na kuagiza bidhaa nje kulihitaji leseni ya serikali. Bushi, kipande cha raba kinachotosha kiganjani, kikawa kitu cha kuvuka nacho bahari.

Ndiyo maana Baba alinunua ya jua kali, Grogan, barabara ambayo kwenye ramani inaitwa Kirinyaga. Fundi aliichonga kutoka kwa tairi kuukuu la lori.

Kazi tuliifanyia uani. Mawe mbele ya magurudumu. Jeki ikainua, kisha gogo likawekwa chini ya chasisi, kwa sababu jeki ni ya kuinua, si ya kuaminiwa. Akafungua kile chuma kinachoshika mwisho wa springi, akagonga boliti ikatoka, na bushi ya zamani ikaanguka vipande vipande. Mpya akaipaka maji ya sabuni, akaisukuma ndani. Nati ya mwisho hakuikaza gari likiwa juu. Alilishusha kwanza, likabeba uzito wake, ndipo akakaza. "Ukikaza likiwa hewani," akaniambia, "raba inajipinda, itararuka mapema."

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti kuhusu Kenya, ikieleza kwamba watu kama yule fundi walikuwa wanazalisha na kuajiri huku wakisumbuliwa badala ya kusaidiwa. Serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu jua kali mwaka wa 1992. Miaka 20 hivi. Sisi tungengoja wapi, na kabeji ziko shambani?

Sitaki kuisifu kupita kiasi. Bushi ile haikuwa sawa na ya kiwandani. Ilidumu miezi, si miaka. Baba alijua, ndiyo sababu kila Jumapili alilala chini ya pikapu na tochi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 leseni zikaondolewa, magari ya mtumba kutoka Japani yakajaa, na Peugeot zikapungua. Juzi nimebadilisha bushi za gari langu hapa nyumbani. Zilikuja ndani ya karatasi ya plastiki, zikiwa na nambari. Nati za mwisho nilizikaza gari likiwa chini.

Ukiandika historia ya magari Kenya, waandike washindi, wanastahili. Ila usimwache nje aliyechonga tairi. Kabeji zilifika Naivasha, na mimi nikasoma.