Mohamed Amin na Umiliki wa Picha

Safari ya mpiga filamu mashuhuri kuliko wote Afrika Mashariki inaanzia Mombasa, miaka mingi kabla hajazaliwa. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli ya Uganda kutoka kisiwani humo, na kazi hiyo ikaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Reli ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901 wengi wao walirudi kwao, lakini njia ilikwisha funguka. Walifuata makarani, mafundi na wenye maduka, na miongoni mwao wapiga picha. Studio zilistawi Mombasa, kwani bandari huleta wateja na huleta bidhaa. Kufikia miaka ya 1940 studio ya N. V. Parekh ilikuwa ikipokea maharusi na jamaa waliovaa nguo zao za sikukuu. Mteja alilipa, akachukua picha yake, na mambo yakaisha hapo.

Mohamed Amin alitokana na historia hiyo ya reli, ila hakufuata desturi ya studio. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka Punjab, akakulia Dar es Salaam. Huko akiwa bado mwanafunzi alinunua kamera kuukuu ya Box Brownie. Yeye hakukaa kungoja mteja: alipiga picha kwanza, kisha akatafuta wa kumuuzia. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20 tu, alianzisha kampuni yake, Camerapix.

Wakati ulimbeba. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalitokea Zanzibar, na siku chache baadaye askari wa Tanganyika wakaasi. Mashirika makubwa ya habari yalihitaji filamu upesi, na kijana huyu alikuwa jirani na matukio. Lakini ujirani una hatari zake. Mwaka 1966, baada ya kupiga filamu za mafunzo ya kijeshi yaliyosimamiwa na wageni kutoka kambi ya Kisovieti, alikamatwa Zanzibar, akafungwa siku 27 na kuteswa. Alipotoka alihamia Nairobi. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi mjini humo tarehe 5 Julai 1969, Amin alifika na kamera yake katika muda wa dakika chache.

Je, alikuwa mpiga filamu huru kweli? Wapo watakaokataa, na hoja yao ina uzito: kwa miaka mingi aliiwakilisha Visnews, shirika la habari za televisheni la London. Wengine husema uhuru wa mtu ni kuwa na pa kusimama, naye alikuwa na Camerapix, iliyotoa vitabu na filamu zake mwenyewe. Mimi naelemea upande wa pili, kwa sharti moja: tutazame nani alibaki na picha. Filamu za habari alizopeleka London ziliingia katika hazina ya shirika, ambalo baadaye lilimezwa na Reuters. Picha zake za mnato zilibaki Nairobi, na kwa hizo alitunga vitabu apendavyo, kikiwemo kimoja cha mwaka 1986 kuhusu reli ileile iliyoanzia Mombasa.

Oktoba 1984 alikwenda Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Filamu yao ya njaa ilionyeshwa tarehe 23 mwezi huo, kisha ikarushwa na mamia ya vituo duniani. Kwa nini filamu hii iliitikisa dunia, ilhali mnamo Julai mwaka huohuo televisheni ya Uingereza ilikwisha onyesha njaa hiyohiyo? Wengine huyasifu maneno ya Buerk. Wengine hutaja ukubwa wa maafa, kwani kufikia Oktoba vifo vilikuwa vingi zaidi. Yote mawili yana ukweli, lakini hayamtoshelezi aliyeitazama filamu yenyewe. Kamera inapita juu ya umati alfajiri, polepole, bila pupa, kisha inatua kwa mtu mmoja mmoja na kukaa naye. Anayetazama hapati nafasi ya kukwepa. Tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid likakusanya mamilioni kwa ajili ya wenye njaa.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wa kushoto, na fundi wake wa sauti, John Mathai, akafariki. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyoabiri ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja. Watu 125 kati ya 175 walikufa, naye akiwa mmoja wao.

Mwanawe, Salim Amin, aliendeleza Camerapix, na mwaka 2006 ikatoka filamu ya maisha ya baba yake, *Mo & Me*. Aliweza kuisimulia kwa sababu kumbukumbu zilikuwa mikononi mwa jamaa. Mombasa nako picha nyingi zilizo mikononi mwa jamaa zimo makabatini Mji wa Kale, na joto na unyevu wa pwani haviziachi salama: filamu ya zamani ikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Mwenye masanduku ya babu yake na ayafungue mwaka huu, anuse, na zile zilizo nzima azinakili kabla hazijaharibika.