Waandishi wa Programu na Ada ya Kuulizana

Kila fani ina watu wake, na kila watu wana baraza lao. Ukipita mtaa wa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, utaziona baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba, zikitazama njia. Juu ya baraza kama hizo watu wa Mvita wameketi tangu zamani wakipashana habari. Aliyekuwa na shida ya kazi yake aliitoa pale pale mbele za watu, na ajuaye akamjibu. Faida ya jibu hilo haikuwa ya muulizaji peke yake, kwani wote waliokuwapo walilisikia. Nataka kukuonyesha, msomaji, ya kuwa ada hii ya kuulizana hadharani ndiyo iliyoikuza fani mpya ya kuandika programu za kompyuta, na ya kuwa nchi ya Kenya ina sehemu yake katika historia hiyo.

Kwanza yatupasa kufahamu lugha za skripti ni nini. Kompyuta hutenda yale tu iliyoamriwa. Ziko lugha ambazo amri zake sharti zifasiriwe zote pamoja kwanza, ndipo mashine iweze kuzitenda. Lugha ya skripti ni nyepesi kuliko hizo: mwandishi huandika amri zake, na programu nyingine, mithili ya mkalimani, huzisoma na kuzitekeleza papo hapo. Miongoni mwa lugha hizo ni Perl, iliyotolewa na Larry Wall wa Marekani mwaka 1987. Python, iliyoanzwa na Guido van Rossum huko Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989 na kutolewa mwaka 1991. Na PHP, ambayo habari zake zaja. Kazi zake aghalabu ni za kila siku: kupanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti, kujumlisha alama zao, au kubadili majina ya mafaili mia moja kwa mara moja.

Lakini wepesi huo una mitego yake. Tuseme umeandika programu ya Python inayomtaka mtu ataje namba mbili ili zijumlishwe. Mtu huyo aandika 4, kisha 5, nawe wangojea 9. Mashine yakujibu 45! Sababu yake ni kwamba yale ayaandikayo mtu kwenye kibodi, Python huyapokea kuwa ni maandishi, wala si namba; na maandishi mawili yakijumlishwa huunganishwa tu, kama shanga katika uzi. Dawa yake ni neno moja fupi, int, ambalo huyageuza maandishi yakawa namba kamili. Mgeni wa lugha hiyo aweza kupoteza siku nzima akilitafuta kosa. Aliyekwisha kukwama hapo zamani humtoa kwa dakika moja.

Watu wa Mombasa hawakuanza leo kuzoea kazi yenye sheria kali namna hii. Shairi la Kiswahili lililotimia huwa na mishororo minne katika kila ubeti, na mizani 16 katika kila mshororo, nane upande huu na nane upande huu, pamoja na vina vyake. Mizani mmoja ukipungua, msikilizaji mjuzi hulitambua kosa mara moja. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa aliyeishi tangu mwaka 1776 hadi 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, na majibizano hayo yaliwanoa wote. Baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua alimsaidia Mwingereza William Taylor kuyakusanya mashairi yale, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Lau kila mjuzi angaliyaficha aliyoyajua, tusingalikuwa nayo leo.

Sasa na tuitazame PHP. Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliandika programu ndogo ndogo za kuuendesha ukurasa wake mwenyewe katika mtandao. Hakukusudia kutunga lugha. Mwezi wa Juni 1995 alizitoa hadharani, pamoja na amri zote zilizoziunda, ili watu wazitumie na wamsaidie kuyagundua makosa yake. Mwaka 1997 wanafunzi wawili wa Israeli, Andi Gutmans na Zeev Suraski, walikuwa wakiitumia PHP katika kazi yao ya chuo, wakaona haiwatoshi. Hawakuishia kulalamika, bali waliandika upya kiini chake, wakashirikiana na Lerdorf, na mwezi wa Juni 1998 toleo la tatu likatoka. Hivyo vipande vya mtu mmoja viligeuka kuwa lugha iliyoendesha sehemu kubwa ya kurasa za mtandao duniani.

Huenda ukauliza, msomaji, mambo hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwisho wa Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa, ghasia zilizuka nchini Kenya. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha yao, na maelfu kwa maelfu wakayahama makazi yao. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Mwananchi hakujua njia ipi ni salama, wala jamaa zake walikuwa katika hali gani. Mwanzoni mwa Januari 2008 Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiziandika habari hizo katika mtandao, aliuliza mbele za watu wote kama wako waandishi wa programu wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali palipotokea ghasia. Miongoni mwa walioitikia walikuwamo Erik Hersman, Juliana Rotich, na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Kwa siku chache tu kazi ikasimama. Mtu aliweza kutuma habari kwa simu ya mkononi au kwa mtandao, nayo ikaonekana katika ramani. Wakaiita Ushahidi.

Baadaye, mfumo huo ulipoandikwa upya ili watu wa nchi nyingine nao wautumie, uliandikwa kwa PHP, lugha ile ile iliyokuzwa kwa kusaidiana, na amri zake zikatolewa bure kwa kila mtu. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa liliipiga Haiti. Watu waliojitolea wakaitumia Ushahidi kuwatafuta waliohitaji msaada, na Wahaiti waliokaa ng'ambo wakaufasiri ujumbe uliotumwa kwa simu katika lugha yao. Hivyo chombo kilichozaliwa katika msiba wa Kenya kiliwafaa watu wa kisiwa cha mbali.

Mombasa nayo ilifunguliwa mlango. Zamani habari za mtandao zilipita katika setilaiti, kwa mwendo wa polepole na kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika katika pwani ya Mombasa. Mwaka 2016 kikaanzishwa kituo cha Swahilipot katika Mji wa Kale, karibu na Ngome ya Yesu, ili kuwakusanya vijana wa teknolojia na wa sanaa. Kijana wa Kuze aweza kufika huko kwa miguu.

Lakini mlango kuwa wazi si kuingia. Siku hizi ziko mashine zijibuzo maswali ya programu kwa haraka, na wengi huziuliza faraghani. Hazikuzaliwa na elimu hiyo: zilifunzwa kwa maandishi ya watu, yakiwamo majibu ambayo wajuzi waliwapa wageni hadharani kwa miaka mingi. Ikiwa sote tutauliza sirini, na hapana atakayemjibu mwenziwe mbele za watu, kisima hicho kitajazwa na nani?

Basi, ukikwama, usione haya. Kuuliza si ujinga. Ila uulize kwa adabu ya fani. Jaribu kwanza mwenyewe, ulipunguze tatizo mpaka libaki lile lililokushinda, kisha useme ulichoandika, ulichokitaka, na mashine ilivyokujibu, neno kwa neno. Nawe ukiulizwa, usimcheke mwenzio, wala usimpe dawa bila kumweleza ugonjwa. Yule asemaye "andika int" amemsaidia mtu kwa siku moja. Yule aelezaye kwa nini 4 na 5 zilikuwa 45 amemfanya naye kuwa mwalimu wa mwingine.