Ndege, Rubani na Mpagazi: Ukumbusho wa Vita Katika Njia ya Korogwe

Jiwe la ukumbusho kando ya njia ni andiko fupi sana: jina, cheo, tarehe, kisha kimya. Likiwekwa kwa ajili ya wanahewa ambao ndege yao ilianguka vitani, mpita njia aweza kudhani kwamba vita vilikuwa vyao peke yao. Makala haya yataka kuonyesha kwamba Kiswahili kimehifadhi ukumbusho mpana zaidi, na kwamba jiwe lingefaa kujifunza kwake.

Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yaliteremka yakiandama Mto Pangani na reli ya Usambara, ambayo ilikuwa imefika Korogwe kutoka Tanga mwaka 1902. Korogwe, pamoja na mahali paitwapo leo Old Korogwe, ilitwaliwa katikati ya mwezi huo, na Handeni siku chache baadaye. Majeshi hayo yalisaidiwa na ndege za Kikosi cha 26, kilichoundwa Uingereza mwaka 1915 kwa watu wa Afrika ya Kusini. Zilikuwa ndege za mbao na turubai, zilizopeleleza na kutupa mabomu. Injini zilidhoofishwa na joto, na kutua porini bila kupenda hakukuwa jambo geni.

Kisa kijulikanacho zaidi cha namna hiyo hakikutokea Korogwe, bali katika delta ya Rufiji, tarehe 11 Julai 1915. Cull na Arnold waliruka juu ya manowari ya Kijerumani Königsberg, wakielekeza kwa simu ya upepo mizinga ya meli za Kiingereza Severn na Mersey. Injini yao ilipigwa. Na ndege ilipokuwa ikishuka, Arnold aliendelea kupeleka habari. Walianguka mtoni, wakaokolewa na mashua ya Mersey. Majina yao yamo katika kila historia ya vita hivyo.

Sasa tuyatazame maneno. Ndege wa porini ni kiumbe, nasi twasema ndege yule ameanguka. Ndege ya vitani ni chombo, nasi twasema ndege ile imeanguka. Tena liko neno la kale, ndege mbaya, yaani dalili ya shari, nalo pia hufuata upatanisho wa vitu. Basi neno eropleni lilipokuja, lilikuta mahali pamekwisha kukaliwa: jina la kiumbe lilikwisha kuzoea kuvuliwa uhai wake. Vivyo hivyo rubani, aliyekuwa mwongozi wa chombo baharini, alipandishwa hewani. Na kitenzi kutua kiliwatosha wote: ndege hutua mtini, chombo cha hewani hutua uwanjani, na mpagazi hutua mzigo wake.

Huyo mpagazi ndiye asiyeonekana katika jiwe. Malori yalikuwa machache na wanyama walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo chakula na risasi za jeshi vilibebwa sana kichwani na mabegani. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika ya Mashariki yapita 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, na wanahistoria wengi huiona kuwa ni pungufu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 huwataja kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini haimtaji hata mmoja kwa jina. Ukumbusho wao mkubwa ni neno: Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, yatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Kila siku maelfu hulitamka wakienda sokoni.

Haimpasi mtu kuwanyima wanahewa jiwe lao. Walikabili kifo kwa ushujaa. Lakini neno Kariakoo huhifadhi kundi, si mtu. Nalo jiwe huhifadhi mtu, si kundi. Kwa hiyo jiwe lolote la vita hivyo katika njia ya Korogwe na Handeni lingefaa liandikwe kwa Kiswahili pia, liwataje wapagazi waliopita hapo, na majina yao yatafutwe katika vijiji vyao na katika daftari za jeshi, maadamu wako wajukuu wa kuulizwa.