Scheme na Mstari Uliokosekana

Lugha ya programu ya Scheme ilizaliwa mwaka 1975 katika maabara ya akili unde ya MIT, Marekani, mikononi mwa Gerald Sussman na Guy Steele. Miaka 23 baadaye, ripoti yake ya R5RS ya mwaka 1998 ilikuwa bado haina amri ya kusoma mstari mmoja wa faili. Ilikuwapo read-char ya kusoma herufi moja, na read ya kusoma data nzima. Katikati hapakuwa na kitu. Ni rahisi kuliita pengo hilo uzembe, lakini asili ya lugha inaeleza vingine: Scheme haikuwahi kuuhesabu mstari kuwa kipimo cha maana.

Chanzo ni Lisp, mama yake Scheme. John McCarthy, aliyeianzisha mwaka 1958, alikusudia mabano yawe ya data tu, na programu ziandikwe kwa mtindo mwingine. Steve Russell alipoigeuza eval, kanuni ya kutekeleza programu, kuwa programu inayofanya kazi kwenye kompyuta ya IBM 704, maandishi ya data yakawa ndiyo maandishi ya programu, na ule mtindo mwingine haukushika. Tangu hapo, kinachosoma programu ndicho hicho hicho kinachosoma data. Chukua faili lenye (sukari 2 3500). Read ikiitwa mara moja hurudisha orodha ya vitu vitatu: jina, na namba mbili zilizo tayari kujumlishwa. Hata orodha ikitapakaa mistari kumi, jibu ni lile lile, kwani kinachofunga habari ni mabano.

Watasema wengine kwamba mafaili mengi ya dunia hayakuandikwa kwa mabano, na hoja hiyo ina uzito. Jedwali la koma huivuruga read: koma iliyotangulia namba kama 25 haichukuliwi kuwa kitenganishi, bali hugeuka orodha (unquote 25). Wapo pia wanaohofia kwamba data ya mgeni ikisomwa hivyo itatekelezwa. Sivyo: read hujenga orodha ikaishia hapo, kutekeleza ni kazi ya eval. Hoja ya kwanza ndiyo iliyodai jibu, nalo likaja polepole: ripoti ya R6RS ya mwaka 2007 ilileta get-line, na R7RS ya 2013 ikaleta read-line. Read haikuondolewa, na kwa haki. Faili unalolipokea kutoka kwa wengine lisome mstari kwa mstari. Faili ambalo programu yako inajiandikia yenyewe, write ya kuandika data na read ya kuisoma zinalitosha.