Mpira Uliouokoa Muhogo

Nyuma ya nyumba nyingi za vijijini Muheza, mkoani Tanga, utaona mti uliopita paa kwa urefu, majani yake kama kiganja kilichokunjuliwa, undugu wake na muhogo haufichiki. Kina mama huchuma majani yake machanga, huyatwanga kinuni, huyapika kwa tui la nazi. Mboga hiyo ndiyo kisamvu cha mpira. Ukifukua chini ya mti wenyewe hupati cha kuweka chunguni, kwa maana mizizi yake ni nyuzinyuzi na migumu kama kuni. Lakini ukila muhogo leo jioni, uwe Kampala, Mtwara au Ibadan, huenda unakula kitu chenye damu ya mti huo.

Jina la mpira lina sababu yake. Asili ya mti huu ni kaskazini mashariki mwa Brazili, pande za Ceará, na Wajerumani waliuleta Tanga na Morogoro kwa ajili ya utomvu wake. Mashamba makubwa yalifyekwa, watu wakagema. Mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulifurika katika soko la dunia, bei ikaporomoka, na wenye mashamba wakayatelekeza. Miti ikabaki ikijiotea vichakani. Miaka ishirini na kitu baadaye, watafiti wa Amani, kituo cha mlimani Usambara, walikwenda kuitafuta kwa shida nyingine kabisa.

Muhogo nao umetoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1999 Kenneth Olsen na Barbara Schaal, kwa kulinganisha vinasaba, walionyesha kwamba mzazi wa muhogo wetu ni muhogo mwitu unaoota kando ya misitu kusini magharibi mwa Amazoni, Brazili inakokaribiana na Bolivia na Peru. Muhogo mwitu ni kichaka kinachopenda kuegemea miti mingine, na mizizi yake haijajaa. Zaidi ya miaka 8,000 iliyopita wenyeji wa huko walianza kuubadilisha bila kuwa na neno la kuitia kazi hiyo. Waling'oa, wakala mzizi uliojaa, kisha shina la mmea huohuo wakalikata na kulirudisha ardhini. Mmea wenye mizizi myembamba haukupata bahati hiyo. Kizazi kwa kizazi shina likanyooka na kunenepa, mizizi ikajaa wanga. Wakabuni pia namna ya kuukuna muhogo mchungu, kuukamua na kuukaanga ili kuondoa sumu ya sianidi, na naona ubunifu huo haupungui thamani mbele ya ule wa shambani.

Kupanda kwa pingili kuna faida kubwa: ukiupenda mmea, unaupata vilevile mwakani, kama ulivyo. Hasara yake ni kwamba shamba zima linakuwa mtu mmoja aliyerudiwa mara elfu. Ugonjwa ukijua kumwingia mmoja umejua kuwaingia wote, tena unasafiri ndani ya pingili yenyewe, kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Wamakushi wa Guyana wana dawa yake ya zamani. Mbegu za muhogo hupasuka kutoka kwenye tunda, hulala udongoni, kisha huota shamba likichomwa na kusafishwa. Mmakushi anayepalilia huiacha miche hiyo. Ikikua na kumfurahisha, hukata pingili zake na kuzichanganya na za siku zote. Hivyo damu mpya huingia shambani.

Wareno waliuvusha muhogo hadi pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na upande wetu wa Bahari ya Hindi ukashamiri kuanzia karne ya 18. Ulivuka bila maadui wake wengi, lakini huku ulikutana na adui ambaye haukumjua. Amerika hakuna ugonjwa wa batobato. Virusi vyake ni vya Afrika, na yaelekea viliurukia muhogo kutoka kwenye mimea ya huku. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliandika habari za majani ya muhogo yanayojikunja katika Afrika Mashariki, na hayo ndiyo maandishi ya kwanza juu ya ugonjwa huo. Mkulima hakuhitaji kitabu kuujua: jani linapata mabaka ya manjano, linakunjamana na kudumaa, na siku ya kuchimba unatoka na vimizizi vya kuhesabu.

Amani ni kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ndani ya msitu wa Usambara Mashariki. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kiliingia mikononi mwa Waingereza, na katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kazi ya batobato. Walithibitisha kwamba inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani, ndio wanaoueneza. Wakakusanya aina za muhogo kutoka ndani na nje ya Afrika, wakazipanda pamoja, wakangoja. Zilitofautiana, zingine zikajikaza kuliko zingine, lakini haikuonekana iliyoweza kusimama yenyewe. Hapo ndipo walipougeukia mpira.

Sijui habari nyingi za kilimo zinazonigusa kama hii. Mpira ulitoka bara lisilo na batobato, wazee wake hawakuwahi kuuona ugonjwa huo, na bado ulikuwa na uwezo wa kuukataa. Kuukutanisha na muhogo ni kazi ya mikono na subira. Kwenye kishada kimoja ua jike hufunguka siku kadhaa kabla ya ua dume, hivyo unalifunika mapema ili wadudu wasikutangulie, kisha unalipaka chavua uliyoichagua. Tunda lina vyumba vitatu, mbegu moja kila chumba, na likikauka hupasuka na kuzirusha mbegu, kwa hiyo huwezi kuliacha bila kulifunga hata usiku mmoja. Watoto wa kwanza walimfuata mzazi mkali: warefu, wenye afya, mizizi haifai. Wakarudishwa kwa muhogo, watoto wao wakarudishwa tena, kisha mara ya tatu. Kila mara wengi walitupwa, na waliobaki walipandikizwa ugonjwa kwa makusudi ili wajulikane. Baada ya Nichols, D. L. Jennings aliendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1950.

Machapisho ya Amani yana majina ya hao watatu. Waliochimba, waliopalilia, waliofunga maua kwa maelfu na kuzihesabu mbegu walikuwa vibarua wa milima ileile, na majina yao hatunayo. Deni hilo naliona bado halijalipwa.

Mbegu za mahuluti ya Amani zilipelekwa Ibadan, Nigeria. Kutokana nazo ulichaguliwa mmea uliopewa namba 58308. Katika miaka ya 1970 Sang Ki Hahn, wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki iliyopo Ibadan, aliutumia mmea huo kama mzazi. Mmoja wa watoto wake, TMS 30572, alipatikana kwa kuukutanisha na muhogo wa Brazili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ililipuka Uganda ikashuka kusini mwaka hadi mwaka, virusi viwili vikiwa vimebadilishana vipande na kuzaa cha tatu. Watu waliliacha zao, kuna mahali njaa ilibisha hodi. Kati ya aina zilizogawiwa wakulima kuwarudisha shambani ilikuwamo Nase 3, wengine wakiiita Migyera. Ni ileile TMS 30572. Damu ya Usambara ilikuwa imepita Ibadan kabla ya kurudi kwa jirani. Mwaka 2016, jenomu za aina mbalimbali za muhogo ziliposomwa, vipande virefu vya mpira vilionekana waziwazi ndani ya kromosomu za aina nyingi zilizoboreshwa.

Ugonjwa wa pili ni wa hila zaidi. Storey aliuandika mwaka 1936: michirizi ya kahawia. Majani huweza kuonekana salama, shamba likapendeza macho, na siku ya mavuno ukikata mzizi unakuta ndani umeoza madoa makavu ya kahawia. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa tatizo la pwani na la kando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2004 ukaonekana tena Uganda, kwenye mashamba ya mihogo ambayo batobato ilikuwa imeshindwa kuigusa.

Watafiti wakaanza kutafuta muhogo unaouvumilia, na wakulima wa pwani walikuwa nao. Pwani ya Kenya waliuita Kaleso. Kusini mwa Tanzania waliuita Namikonga, na kwa waliokuwa wakiupanda ulikuwa muhogo wao wa siku zote. Kaleso ilitambuliwa kuwa ni huluti la Amani namba 46106/27. Vinasaba vilipopimwa, Namikonga ikaonekana ni ileile. Kituo kilikuwa kimefunga kazi hiyo zamani. Mmea ulikuwa umebaki kwa sababu kila msimu kuna aliyechimba, akaona mzizi mweupe, akafunga mzigo wa pingili na kumpa shemeji au jirani, na njiani namba ikaanguka, jina likazaliwa.

Huko Mtwara, watafiti wa kituo cha Naliendele waliikutanisha Namikonga na Albert, muhogo wa huko unaoshambuliwa sana na michirizi, ili wajue uvumilivu unakaa kwenye kromosomu ipi. Watoto wa ndoa hiyo walipandwa kwa mistari kwenye mashamba yenye ugonjwa. Walipokomaa wakang'olewa, na mizizi ikakatwa kisu mahali kadhaa, ikatazamwa ndani na kuandikiwa alama: mweupe, wenye doa, uliooza.