Goti Limeshonwa, Lakini Stori Haijaisha

Dogo mmoja wa mtaa wetu, miaka 17, ametoka upasuaji wa ACL juzi. Nilimtembelea, magongo yako kando ya kitanda, na swali lake lilikuwa moja tu: "Bro, nitarudi uwanjani lini?" Nilicheka kidogo, kwa sababu miaka minne iliyopita nililala hivyo hivyo nikiuliza hivyo hivyo. Hakuna aliyeniambia kuna swali la pili. Nikiwa na miaka 40, hili goti litakuwa aje?

Nilipoanza kusoma historia ya huu upasuaji, niligundua hata madaktari walichelewa kuuliza.

ACL ni kano iliyo katikati ya goti, inazuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Mwaka 1895 huko Leeds, Uingereza, daktari Mayo Robson alimshona mchimba migodi kano zake zilizokatika. Mwaka 1917 Hey Groves, daktari wa Bristol, akaacha mambo ya kushona na kutengeneza kano mpya kutoka kwa ukanda wa tishu ya pembeni mwa paja. Wazo lake ndilo bado tunatumia, isipokuwa leo wengi hutolewa kipande cha kano iliyo chini ya pia ya goti, ama zile za nyuma ya paja.

Miaka ya 1980 watu wakatafuta njia ya mkato: kano za bandia. Nyuzi za kaboni, Dacron, hata Gore-Tex, ile ya makoti ya mvua. Nyingi zilikatika, na chembechembe zake zikafanya magoti kuvimba kwa ndani.

Ukiangalia vizuri, miaka yote hiyo kazi kubwa ilikuwa kufanya goti lishike. Lakini onyo lilikuwepo. Mwaka 1948 daktari Fairbank alionyesha kwa picha za X-ray kwamba magoti yaliyotolewa meniska, ule mto wa gegedu katikati ya mifupa, yalianza kubadilika. Bado madaktari wengi waliendelea kuutoa wote kwa miaka mingi.

Halafu 2004, Sweden. Watafiti waliwafuata wanawake wanasoka waliokatika ACL miaka 12 kabla. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31. Kati ya 67 waliopigwa X-ray, 34 walikuwa tayari na athraitisi ya goti. Miaka 31, si shosho! Na waliofanyiwa upasuaji hawakuwa na nafuu kubwa ya dalili kuliko wale ambao hawakufanyiwa.

Kwa nini? Kwa sababu siku kano inapokatika, mifupa hugongana, gegedu huumia, na mara nyingi meniska hupasuka pia. Upasuaji unarudisha uthabiti. Gegedu hauirudishi.

Sisemi upasuaji ni bure. Utafiti mwingine wa Sweden, wa 2010, ulichukua vijana 121: kundi moja likapasuliwa mapema, lingine likaanza na mazoezi ya fizio. Baada ya miaka miwili matokeo yalikuwa karibu sawa. Lakini kufikia mwaka wa tano, karibu nusu ya kundi la pili walikuwa wameishia kupasuliwa. Kwa hivyo kuna goti linalouhitaji na kuna lisilouhitaji. Fizio, hiyo kila mtu anaihitaji.

Na hapo ndipo mimi nilikosea. Nilirudi mwezi wa sita, paja limekonda, nikitaka tu kuonekana. Utafiti wa 2016 kutoka Norway na Marekani ulionyesha kila mwezi unaosubiri, hadi wa tisa, unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Leo nikipanda ngazi asubuhi goti linalia, na nina miaka 23.

Kwa hivyo nilimjibu dogo: usirudi kabla ya miezi tisa, na usirudi kabla paja la mguu huo halijawa na nguvu kama lile lingine. Na ukisharudi, usiache mazoezi. Mechi ya mtaa iko kila Jumapili. Goti utakaa nalo hadi uzeeni.

Alinyamaza, kisha akaniuliza squat inafanywa aje. Tumeanza na kiti.