Maudhi si Madhara

Mtu akianza dawa za kifua kikuu asubuhi, haishangazi jioni mkojo ukitoka na rangi ya chungwa. Kama hakuambiwa, atadhani ni damu, na kesho vidonge vitabaki kwenye pakiti. Kumbe ni rifampisini tu, dawa inayopaka rangi mkojo, jasho, hata machozi, bila kumdhuru mtu.

Sasa hilo tuliite nini? Istilahi ya kitabibu tuliyoipokea kwa Kiingereza ina maana ya matokeo ya pembeni, yaani yale ambayo dawa haikukusudiwa kuyaleta. Haisemi ni makubwa au madogo. Sisi tumezoea kuifasiri "madhara ya dawa", na hapo tayari tumeshatoa hukumu, kwa sababu madhara ni neno la kudhuru. Mgonjwa akisoma kwamba dawa yake ina madhara kumi, ana haki ya kuogopa.

Bahati nzuri wauguzi wa Tanzania walishatuokoa. Kwenye kliniki za uzazi wa mpango wanasema "maudhi madogo madogo", nami sijaona tafsiri iliyo bora zaidi. Kuudhi ni kukera, na kero huvumilika. Mkojo wa chungwa ni maudhi. Kichefuchefu cha siku za mwanzo ni maudhi, na maumivu ya viungo yanayoletwa na pirazinamidi kwa kawaida ni maudhi pia. Macho kuwa manjano kwa sababu ini limeumia ni madhara. Kuona ukungu, au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani kwa ajili ya ethambutoli, ni madhara. Katikati yake iko ganzi ya nyayo inayotokana na isoniazidi: huanza kama kero, ikipuuzwa huharibu mishipa ya fahamu, ilhali kidonge cha vitamini B6 kingeizuia.

Anayedhani huku ni kuchambua maneno tu aikumbuke thiasetazoni. Ilikuwa dawa rahisi, ikitumika sana Afrika Mashariki. Ukimwi ulipoingia, wagonjwa wenye virusi walianza kubabuka ngozi kwa sababu yake, na wengine wakafa. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulilidhihirisha jambo hilo, na dawa ikawekwa kando. Huwezi kuita hayo maudhi.

Neno lingine linalotuchanganya ni dozi. Kwa daktari, dozi ni kiasi cha kumeza mara moja. Mtaani dozi ni safari nzima: "maliza dozi" maana yake fika mwisho wa miezi sita. Basi ukisikia mgonjwa alipata dozi pungufu, hujui kama alimeza vidonge vitatu badala ya vinne au aliacha mwezi wa tatu alipojiona mzima. Yote mawili hufungua mlango wa usugu, lakini tiba zake hazifanani. Mimi ningewaachia watu dozi yao, ile ya miezi sita, na cha kila siku tukiite kiasi. Kipimo hakifai, kliniki ya kifua kikuu ina vipimo vya kutosha, vya makohozi na vya damu.

Kiasi hicho hufuata kilo. Mtu mzima wa kilo 45 humeza vidonge vitatu vyenye dawa nne ndani yake, wa kilo 60 humeza vinne. Mgonjwa anayepona hunenepa, kwa hiyo kiasi kilichomtosha mwezi wa kwanza huenda kisimtoshe baadaye. Ndiyo maana ya mizani iliyo mlangoni. Na aliyesahau jana asimeze mara mbili leo: hiyo si kufidia, ni kulibebesha ini mzigo.

Wanaoandika vipeperushi, tunaomba orodha mbili, ya maudhi na ya madhara. Nawe unayemeza, mkojo wa chungwa usikutishe. Macho yakigeuka manjano, usingoje siku ya kliniki: acha vidonge, nenda leo.